Ameanza Kwenda kwa Mwanasaikolojia, Kwa Hiyo Kapona? Subiri Kwanza

Kila baada ya miezi michache posti hii inarudi, sura tu ndiyo inabadilika. Picha imepigwa ndani ya gari, miwani nyeusi, meikapu hakuna, na chini yake maelezo marefu kuliko kawaida: kwamba amekuwa akipitia kipindi kigumu, kwamba usiku halali, kwamba ameanza kwenda kuongea na mwanasaikolojia, na anaomba aombewe. Safari hii sema ni mwimbaji. Anaweza akawa mtangazaji, mwigizaji wa tamthilia au yule dada wa vichekesho vifupi. Jina halina kazi hapa, na atakayelitafuta kwenye komenti atamaliza bando bure.

Ndani ya saa moja watu wameshagawanyika. Wa kwanza ni wale wa "kiki hiyo, singo inatoka Ijumaa". Hao wameshasemwa mpaka basi, na wengi wao hawataacha kwa sababu ya makala. Wa pili ni watu wema. Wanamwaga mioyo myekundu, wanaandika "hongera mamy kwa hatua hiyo", "umeshinda", "Mungu akupe wepesi", halafu wanasogeza skrini kwenda posti inayofuata. Cha ajabu, kundi la kuliangalia kwa makini ni hili la pili. Mwenye chuki anajulikana na mtu anajifunza kumblock. Mtu mwema akishaamini kwamba mgonjwa yuko mikononi mwa mtaalamu, anajitoa zamu, na anajitoa kwa roho safi kabisa.

Hakuna anayefanya hivyo kwa mgonjwa wa TB. Mtu akianza dozi ya TB leo, familia nzima inajua kuna miezi sita mbele, kuna siku atatapika vidonge, kuna siku atasema amepona aachwe, na lazima awepo mtu wa kumwambia meza. Lakini mtu akianza tiba ya mazungumzo kwa sababu ya sonona au mawazo ya kujiua, siku ya kwanza tu anapigiwa makofi kama kavuka mstari wa mwisho wa marathoni. Kumbe ndo kwanza kafunga kamba za viatu.

Shirika la Afya Duniani linasema zaidi ya watu 720,000 hufa kwa kujiua kila mwaka, na kwa vijana wa miaka 15 hadi 29 hiyo ni sababu ya tatu ya vifo. Waliowahi kukaa kwenye kiti cha mwanasaikolojia au daktari wa akili wamo ndani ya hesabu hiyo. Si kwamba tiba haifanyi kazi. Inafanya, na imeokoa wengi. Ila mtu haendi kule akiwa mzima. Anaenda kwa sababu anaumia, na maumivu yenyewe anaingia nayo mlangoni na mara nyingi anatoka nayo, yakiwa yamepungua kidogo, au siku nyingine yakiwa yamechokonolewa zaidi.

Halafu kuna hesabu ya saa. Wiki ina saa 168. Kikao ni saa moja, na kwa wengi si kila wiki. Saa nyingine zote huyo dada yuko na meneja wake, na mama yake, na shosti wa tangu sekondari, na simu yake. Akitoka kwenye kikao Jumatatu saa tisa akiwa amelia mambo ya utotoni ambayo hajawahi kumwambia mtu, jioni hiyo hiyo ana shoo. Jumatano usiku saa saba, ukurasa mmoja wa udaku umefukua video yake ya zamani. Mtaalamu amelala, na ana haki ya kulala. Hapo ndipo mambo yanapoharibika au yanaposhikiliwa, na anayeweza kushikilia ni yule aliyeandika "umeshinda" akaenda zake.

Kuna kisa cha kweli ambacho kila anayejiita timu ya msanii angepaswa kukijua. Daktari wa akili wa Zimbabwe, Dixon Chibanda, amekieleza hadharani mara nyingi. Mwaka 2005 alimpoteza mgonjwa wake, binti wa miaka ya ishirini na kitu ambaye alikuwa akimtibu na anaendelea vizuri. Walikuwa wamekubaliana kabisa: hali ikibadilika, aletwe hospitali mara moja. Hali ikabadilika. Mama wa binti akampigia daktari baadaye kumwambia mwanawe amejiua. Chibanda akauliza kwa nini hawakuja kama walivyokubaliana. Jibu likawa kwamba hawakuwa na nauli. Dola 15 za basi.

Hapa mjini nauli imekuwa mzaha. Kuna vichekesho vya waliotumiwa nauli wakala, kuna mastika ya WhatsApp, kuna nyimbo. Basi huyu binti alikuwa na daktari, alikuwa na mpango, alikuwa na mama aliyemjali, na kilichokosekana ni nauli. Chibanda hakubaki kumlaumu mama wala serikali. Mwaka uliofuata alianza na bibi 14 wa mtaa wa Mbare, Harare, akawafundisha namna ya kumsikiliza mtu mwenye kile ambacho Washona wanakiita kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi, na akawaweka kwenye mabenchi ya mbao nje ya zahanati. Huduma ikamfuata mgonjwa badala ya mgonjwa kuifuata huduma. Mwaka 2016 ukatoka utafiti wa watu 573 ulioonyesha kwamba waliokaa na bibi hao walikuwa na dalili chache zaidi baada ya miezi sita kuliko waliopata huduma ya kawaida. Mabenchi hayo yamefika mpaka Malawi na Zanzibar.

Sasa mrudishe yule mwimbaji kwenye picha. Mashabiki wanaamini hela anayo. Gari analoonekana nalo ni la kukodi, nyumba ya kwenye video ni ya siku mbili, nguo zimeazimwa dukani na kesho zinarudi. Hela ya kikao inamshinda mwezi wa pili, na hawezi kumwambia mtu yeyote kwamba imemshinda, maana jiji zima linajua anakula bata. Anaacha kwenda. Akiulizwa anasema yuko poa, amemaliza. Mtu wa Tandale asiye na jina angeweza angalau kumwambia jirani "sina hela ya hospitali". Staa hana hata huo uhuru. Kwa hiyo swali la rafiki wa kweli siku ya Ijumaa si "unaendeleaje na safari yako ya uponyaji?" Hilo ni swali la kwenye kipindi cha redio. Swali ni: kikao kijacho lini, saa ngapi, nani anakupeleka, na hela ipo?

Kuna vipindi viwili ambavyo watu wa karibu huwa wanajisahau kuliko vyote, na ni vipindi vya hatari. Cha kwanza ni baada ya kuruhusiwa hospitali. Mtu amelazwa kwa sababu ya hali ya akili, ametulia, daktari karidhika, anarudi nyumbani, watu wanakuja na matunda siku mbili halafu kimya. Tafiti za nchi nyingi zimerudia jambo lile lile: wiki za kwanza na miezi kama mitatu baada ya kutoka wodini ndiyo kipindi ambacho hatari ya kujiua iko juu sana. Kule wodini kulikuwa na nesi, ratiba ya chakula, mtu wa kuangalia. Nyumbani kuna madeni yale yale na mpenzi yule yule.

Cha pili ni mwanzo wa dawa, kwa wale walioandikiwa dawa za sonona. Dawa hizo hazifanyi kazi kama panadoli. Huchukua wiki kadhaa, na kwa walio chini ya miaka 25 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza liwekwe onyo kali kwamba mwanzoni mawazo ya kujiua yanaweza kuongezeka kwa baadhi yao. Hapa watu huwa wanasikia nusu tu wanakimbia kuandika "dawa za wazungu zinaua". Onyo halikusema dawa ziachwe. Limesema mtu aangaliwe kwa ukaribu, na akibadilika daktari aambiwe haraka. Kuzikata ghafla kwa ushauri wa shosti kwenye grupu ni kumtengenezea tatizo jingine juu ya lile.

Kumwangalia huko hakuhitaji shahada. Huko San Francisco daktari Jerome Motto aliwafuatilia wagonjwa waliowahi kulazwa kwa sonona au kutaka kujiua, ambao baada ya kutoka walikataa kuendelea na matibabu. Watu 843. Nusu yao hawakutafutwa tena. Nusu nyingine wakawa wanatumiwa barua fupi mara chache kwa mwaka, kwa miaka mitano. Mistari michache tu ya kumjulia hali, hakuna kumdai arudi kliniki, hakuna mahubiri. Kwenye matokeo aliyochapisha mwaka 2001, kwa miaka miwili ya mwanzo waliopata barua walijiua kwa kiwango kidogo kuliko wenzao. Shirika la Afya Duniani nalo lilijaribu kitu cha aina hiyo Brazil, India, Sri Lanka, Iran na China, kwa watu 1,867 waliofikishwa hospitali baada ya kujaribu kujiua: saa moja ya kuongea nao, kisha kuwapigia au kuwatembelea mara tisa ndani ya miezi 18. Waliopata huduma ya kawaida, asilimia 2.2 walikufa kwa kujiua. Waliotafutwa, asilimia 0.2. Ni simu tu hizo, na watu wa hapa wana dakika za bure zinazoisha muda kila usiku bila kutumika.

Lakini simu yenyewe ni ya namna gani? Hapa ndipo utamaduni wa mjini unapochemka. Mtu akisema amechoka anajibiwa "jikaze, wewe ni simba jike". Akisema hana hamu ya kuishi anaambiwa asikufuru, au anaambiwa kuna mtu kamwendea kwa mganga. Kanisani na msikitini aende, maombi hayagombani na kliniki na kuna mapadri, wachungaji na masheikh wanaowapeleka waumini wao hospitali wenyewe. Tatizo ni pale maombi yanapogeuzwa kuwa sababu ya kukatisha tiba.

Kitu ambacho wengi wanakiogopa kuliko vyote ni kuuliza kwa jina lake: "Je, umekuwa ukiwaza kujiua?" Watu wanaamini ukiuliza umempa wazo. Si kweli, na wataalamu wamelifuatilia hilo kwa miaka. Kuuliza hakupandi mbegu, na mara nyingi mwenye kuulizwa anapumua kwa mara ya kwanza kwa sababu kuna mtu halikimbii lile neno. Kinachomfunga mdomo ni maswali ya kuzunguka, ya "lakini hufikirii vitu vya ajabu, eti?", ambayo jibu lake limeshawekwa mdomoni. Akisema ndiyo, hakuna haja ya kupaniki wala kumhesabia baraka zake. Ni kukaa naye, kumsikiliza mpaka mwisho, kuondoa karibu yake vitu vya kujidhuru, kumtafuta mtaalamu wake, na kutomwacha peke yake usiku huo. Pombe nayo iwekwe mbali. Kumtoa klabu "akachangamke" ni wazo baya kuliko linavyoonekana, maana pombe inashusha breki na kesho yake inaongeza huzuni.

Wataalamu wengi sasa hivi hawamtoi mgonjwa wa namna hii mlangoni bila karatasi. Zamani baadhi waliwasainisha mkataba wa "naahidi sitajiua", na haikuonekana kusaidia. Mtu aliyezama hakumbuki saini. Karatasi ya sasa inajibu maswali ya kawaida kabisa, na mgonjwa anaiandika kwa maneno yake: mimi nikianza kuzama huwa inaanzaje, nini huwa kinanituliza nikiwa peke yangu, niende wapi penye watu, nimpigie nani, mtaalamu gani nimfikie, na nyumbani kitolewe nini. Utafiti wa Marekani kwa maveterani wa jeshi, uliochapishwa 2018, uliona kwamba waliotengenezewa mpango huo wakiwa hospitali na kisha kufuatiliwa kwa simu, vitendo vya kujaribu kujiua vilipungua karibu nusu katika miezi sita. Sasa angalia lile swali la "nimpigie nani". Mwimbaji mwenye wafuasi milioni anakaa dakika kumi na kalamu mkononi anatafuta majina matatu.

Maana majina mengine yote ni chawa. Chawa ana kazi yake, anapiga picha, anabeba pochi, anatukana wapinzani kwenye komenti, anasifia mpaka nguo mbaya. Lakini chawa hawezi kumwambia bosi "leo hauko sawa, shoo ya Mwanza iahirishwe", kwa sababu shoo ya Mwanza ndiyo kodi yake ya nyumba. Meneja vilevile. Kuna mameneja wanaopanga photoshoot saa ile ile ya kikao, kisha wanasema mteja wao "hayuko serious na afya yake". Mkataba wa msanii unataja mpaka rangi ya maji ya kunywa jukwaani. Kuweka humo kwamba Jumatatu mchana haguswi hakungemfilisi mtu.

Na kuna jambo la kuvujisha. Kilichozungumzwa na mtaalamu ni siri, mtaalamu anaweza kuharibikiwa kazi akiitoa. Shosti hana leseni ya kunyang'anywa. Ujumbe wa saa nane za usiku, ule wa "sioni sababu ya kuendelea", unapigwa skrinishoti, unatumwa kwa mtu mmoja tu "usimwonyeshe mtu", na Ijumaa uko kwenye ukurasa wa udaku wenye mshale mwekundu. Chini yake watu wanaandika "Mirembe kuna nafasi". Hospitali ya Mirembe iko Dodoma, inatibu watu na watu wanatoka wakiwa wazima wanarudi makazini, lakini mjini imegeuzwa tusi, kama Wakenya walivyoifanya Mathari. Kila anayeandika tusi hilo anadhani anamwandikia staa mmoja. Staa pengine hata haisomi. Anayeisoma ni mdogo wake yeye mwenyewe aliyeandika, yuko chumba cha pili, ana miadi kliniki kesho na hajamwambia mtu nyumbani.

Blogu za burudani zina mikono michafu hapa, bila kupepesa. Habari ya staa aliyelazwa inapata macho kuliko albamu. Kuandika kwamba mtu ameugua si dhambi. Kuandika njia aliyotumia, kuweka picha ya dirisha la wodi, kumpigia mama yake laivu, hiyo ni biashara juu ya mgonjwa, na kuna ushahidi wa miaka mingi kwamba habari za kujiua zinazoelezwa kwa kina na kupambwa huwavuta wengine walio ukingoni.

Juu ya haya yote kuna sheria. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania kinamfanya aliyejaribu kujiua kuwa mkosaji. Maana yake ni kwamba mtu anayehitaji kuongea kuliko wote ana sababu ya kisheria ya kunyamaza, na familia inayompeleka hospitali usiku inajiuliza kwanza iseme nini mapokezi. Wengine wanasema "alianguka". Daktari anatibu kuanguka, mgonjwa anarudi nyumbani na lile lililomleta halijaguswa. Kenya walikuwa na kifungu cha namna hiyo hiyo, cha 226, na Januari 2025 Mahakama Kuu ya Nairobi ikasema kinakiuka Katiba. Watetezi wa kifungu hiki husema kinatisha watu wasijaribu. Mtu aliyefika pale hatishwi na faini wala kifungo. Anayetishwa ni yule aliyenusurika na sasa anataka kutibiwa. Mastaa wa nchi hii wamepiga kampeni za uchaguzi, za bima, za mitandao ya simu na za sabuni. Hili nalo lina nafasi kwenye kurasa zao, na lingewafaa wao kwanza.

Aliyefikia pabaya usiku huu, au aliye na mtu wa hivyo chumbani, asisubiri kikao cha Jumatatu. Kitengo cha dharura cha hospitali ya rufaa ya mkoa kiko wazi usiku, Dar kuna Amana, Temeke, Mwananyamala na Muhimbili, na mgonjwa asiende peke yake. Kwa mtoto wa chini ya miaka 18 kuna namba ya bure 116. Walioko Kenya wana 1199 ya Msalaba Mwekundu.

Na yule mwimbaji, posti yake ikishafika siku ya tatu, komenti zimeisha, watu wamehamia kwenye ndoa ya mtu mwingine. Jumatano saa nne usiku anaweza kuwa anaangalia simu. Mpambe wake amelala. Kama kuna rafiki wa zamani, yule wa kabla ya jina, anaweza kumtumia mistari miwili isiyodai jibu: umekula? Jumatatu nakupitia saa nane, nauli ninayo.